Chubwi Likinyamaza

Naselle, 6 Desemba 1958

Baba mpendwa,

Sasa hivi tu Kaisu amemtia paka ndani ya buti lako la mtoni, lile refu la mpira lililobaki nyuma ya mlango, kichwa chini mkia juu, halafu akalikalia ili asitoke. Paka analia humo ndani kama anaimba kanisani, na mtoto ananiambia, "Babu! Babu analia!" Kwake yeye buti hilo ndilo wewe. Paka nimemtoa. Buti limepasuka kidogo gotini, lakini hiyo ni ya tangu zamani, usimsingizie paka.

Sisi hatujambo sote. Mkweo Reino yuko msituni na wakata miti wenzake, anarudi Jumamosi kwa ajili ya sauna, aoge mvuke, anakula kama farasi, analala. Mtoto amefikisha meno kumi na sita. Msalimie Shangazi Hilja pamoja na magoti yake.

Ulisema wiki mbili, Baba. Uliondoka Aprili, tulipomaliza kumzika Mama, na sasa ni Desemba. Silaumu, nahesabu tu. Chumba chako nakifagia kila Ijumaa.

Leo nina swali la kweli. Mvua imepiga siku sita, mto ukapanda mpaka kwenye uzio wa jirani yetu Vilho, na sasa unashuka, umekuwa kijani kama chupa ya dawa. Vilho amepita hapa na samaki wawili wa kichwachuma, wametoka baharini juzi au jana, wanang'aa kama vijiko, bado wana chawa wa baharini mgongoni. Akawaning'iniza mbele ya dirisha langu makusudi, akakutaja kwa jina lako. "Nyumba ya Tauno mwaka huu itakula viazi tu?" Nikamwambia, "Nyumba ya Tauno ina ufito." Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Sasa nimeshasema, Baba, lazima nivue.

Nimeutoa ufito wako ukutani mwa sauna. Miaka yote wewe na Mama mlikwenda mtoni, mimi nikabaki na viazi. Mshipi wake unafungwaje? Chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, linakaa wapi na ndoano inakaa wapi? Niandikie polepole, unajua shule niliiachia darasa la nane.

Binti yako,
Aune


Ely, Minnesota, 13 Desemba 1958

Binti yangu Aune,

Salamu zimefika. Hapa baridi inapasua miti. Hilja hajambo, magoti mabovu, mdomo mzima. Ananiambia nibaki hapa moja kwa moja, chumba cha juu kina jiko lake. Nimemwahidi jibu kabla ya Pasaka. Mbusu Kaisu.

Ufito urudishe ukutani.

Na kama hutaurudisha, maana nakujua, basi angalau usifunge kama Vilho anavyofunga. Vilho hufunga kama anafunga mzigo wa kuni.

Mwisho wa mshipi weka kipete cha shaba. Kwenye kipete hicho vitoke vitu viwili. Cha kwanza ni kipande cha mshipi mwembamba, urefu wa mkono wako, na mwisho wake ndoano. Cha pili ni uzi mfupi wa kubeba chubwi. Huo uwe uzi dhaifu, wa kukatika upesi kuliko vyote, ili chubwi likinasa kwenye mawe upoteze risasi peke yake, na vingine virudi mkononi. Usilisahau hilo.

Chubwi lisiwe zito likalala, wala jepesi likaelea. Tupa ng'ambo, juu kidogo ya uliposimama, kisha uache mkondo uchukue. Wewe kazi yako ni kunyoosha mshipi na kusikiliza. Utalisikia chubwi likigonga chini, tok, tok, tok, kama mtu anayetembea na bakora. Huko chini ndiko aliko. Huyu hana njaa, amerudi mtoni alikozaliwa kwa shughuli zake, hatapanda juu kufuata chambo chako. Chambo ndicho kimpitie puani. Kama siku nzima hujapoteza risasi hata moja, ujue ulikuwa unaosha mshipi.

Kopo la tumbaku lililo juu ya rafu ya sauna usiliguse. Ndoano nunua mpya dukani.

Baba yako


Naselle, 20 Desemba 1958

Baba mpendwa,

Barua yako imefika leo asubuhi, na mimi mto nimeshauingia tangu Jumatatu! Nimeisoma nimesimama kwenye sanduku la posta, nikacheka peke yangu mpaka mke wa mchungaji akaniuliza kama kuna habari njema.

Kwanza za nyumbani. Kaisu ana mafua lakini anakula. Nimeoka mkate mtamu kwa iliki ya Mama, ile iliyobaki kwenye kichupa, ukaumuka vizuri, wa kwanza tangu Aprili kutokuwa kama tofali. Reino anasema nisiingie majini, nivulie pale kwenye changarawe tu. Ana sababu yake, nitakwambia siku nyingine.

Sasa sikiliza. Kopo la tumbaku nimeshaligusa, unisamehe, lakini usihofu, sikujichoma. Humo nikakuta kijiti cha mti na vipande saba vya mshipi vimezungushwa, kila kimoja na ndoano yake, tayari kabisa! Na juu ya ndoano, fundo zuri ajabu lenye kitanzi, na kwenye kitanzi shada dogo la sufu nyekundu. Nikasema huyu Baba ananiambia nirudishe ufito na kumbe vitu amenitayarishia.

Nikafunga. Ila sikujua habari ya uzi dhaifu, Baba, barua yako ilikuwa bado iko njiani. Chubwi nililifunga kwa mshipi uleule mkubwa, tena kwa mafundo matatu. Nikatupa. Tok, tok, kisha likanasa. Nikavuta, nikavuta, nikakaa chini nikavuta, pa! Mshipi ukakatika juu kabisa, vyote vikaenda. Cha pili hivyohivyo. Vilho ng'ambo ananipigia kelele, "We Aune, unavua samaki au unang'oa mto?" Nikamwambia, "Nasafisha njia, samaki wako wasijikwae!" Jumla vimekwenda vitano. Vimebaki viwili. Lakini nilikuwa na furaha, siwezi kukueleza, vidole havina hisia na pua inachuruzika na nina furaha.

Jambo moja. Mara tatu chubwi lilikuwa linagonga vizuri, tok, tok, halafu likanyamaza. Si kuvutwa, kunyamaza tu, kama limefika kwenye godoro. Nikajua ni mawe, nikasubiri, na baadaye likaendelea. Samaki akiuma mtu anajuaje?

Krismasi njema kwenu wote wawili.

Aune wako


Naselle, 19 Januari 1959

Baba mpendwa,

Natumaini hamjambo. Kadi ya Krismasi imefika, ina mwandiko wa Shangazi peke yake. Nimeigeuza pande zote mbili.

Kaisu amepona. Sasa anasema "tok tok" kila anapotembea, na kila buti analoliona ni Babu, juzi dukani alimkumbatia mguu mwuza mbao.

Umenikasirikia? Kama ni kwa kuutoa ufito, niambie. Kama ni kwa kopo, niambie vilevile. Mto ni mzuri mno siku hizi. Sijakwenda tena. Nakusubiri.

Aune


Ely, 27 Januari 1959

Binti yangu Aune,

Nashukuru kwa barua mbili. Tumejaa theluji mpaka dirishani. Mimi mzima. Nimefurahi kuhusu mkate.

Sijakasirika.

Zile mara tatu chubwi liliponyamaza, hayakuwa mawe. Kichwachuma haumi kama mbwa. Hufungua mdomo, akakiweka chambo humo, akarudi nyuma hatua moja, basi. Chubwi likinasa kwenye jiwe, utasikia kitu kigumu. Likinyamaza bila sababu, vuta. Usifikiri, usisubiri, vuta. Ile sufu inamnasa menoni, ndiyo maana hatemi mara moja. Inakupa nafasi ya kuvuta pumzi moja.

Vile viwili vilivyobaki viweke mahali pakavu.

Baba yako

(Chini yake, kwa penseli:) Aune, mimi Shangazi. Kanipa nikalambe bahasha, nami najipenyeza. Vile vipande alivifunga mama yako. Wewe ulidhani wanakwenda mtoni wote wanavua? Yeye baba yako alikuwa anatupa, mama yako anakaa kwenye changarawe anafunga. Jumamosi ile ya mwisho kabla hajalazwa alifunga saba. Baba yako hajavua tena kwa sababu kila ukitupa unaweza kupoteza, na yeye hataki kupoteza hata kimoja. Hilo tu. Hajamwambia mtu, mimi nimejua kwa kumsikia akihesabu. Usimwambie nimekwambia. H.


Naselle, 11 Februari 1959

Baba yangu mpendwa,

Hatujambo, Kaisu hajambo, Reino hajambo, paka hajambo. Salamu zimeisha.

Nimejua. Usiulize nimejuaje, na usimwangalie Shangazi hivyo. Nimejua vile saba vilikuwa vya mkono wa Mama, na vitano nimevipanda kwenye mawe ya Naselle kwa ujinga wangu. Siku mbili sikuweza kukushikia kalamu. Nilikwenda mpaka changarawe nikayatazama yale maji kana kwamba yatanirudishia. Kaisu naye akayatazama, kisha akasema "tok tok?" na ndipo nikaamka.

Baba, nikafanya jambo, na ukitaka kukasirika kasirika sasa nimalize. Nilichukua kimoja kati ya vile viwili nikakifungua. Polepole, kwa sindano, mezani jikoni, mtoto amelala usingizi wa mchana. Nilitaka kuona mkono wake ulipitia wapi. Mshipi unaingia kwenye tundu la ndoano, unazunguka mti wa ndoano mara saba, halafu unarudi mwishoni na kuingia tena kwenye tundu, na pale katikati panabaki mdomo. Ukisukuma mshipi mdomo unafunguka, unaweka mayai ya samaki, ukivuta mdomo unafumba juu yake. Kama mtoto na kijiko! Nilishangaa mpaka nikapiga makofi, nikamwamsha.

Nikafunga. La kwanza lilifunguka, la pili likafunguka, la kumi nilijifunga kidole. Nilifunga wiki nzima, viazi vikaungua mara mbili, Reino akala vilevile, akasema anaona moshi unavipa ladha. Kikapu cha kufumia cha Mama bado kina donge la ile sufu nyekundu, ni ya soksi zangu za utotoni, kumbe nilikuwa nakivaa miguuni chambo cha samaki. Na jambo moja lilinijia lenyewe, bila kufundishwa. Nikimaliza fundo nauma ncha kwa jino la pembeni. Nikasimama hapohapo na uzi mdomoni, maana nilikumbuka Mama akiuma nyuzi hivyo alipokuwa akinishonea, na wewe ukimwambia, "Makasi yako hapo, mke wangu," naye akikujibu, "Na meno yangu hapa."

Jumamosi nikaenda mtoni na fundo langu mwenyewe, uzi dhaifu kwenye chubwi kama ulivyoagiza. Reino alikaa na mtoto kwenye gogo. Nikatupa pale kwenye lindi la maji chini ya mti ulioanguka, mwishoni, maji yanapoanza tena kukimbia. Mara ya kwanza nikapoteza risasi tu, vingine vyote vikarudi, nikakubusu hewani. Mara ya nne, tok, tok, tok.

Likanyamaza.

Sikufikiri, Baba. Nilivuta mpaka kofia ikanitoka, na mto ukavuta upande wake! Gurudumu la mshipi likalia, na akaruka, mrefu kama Kaisu, mweupe, akapinda hewani akaanguka kama mlango. Vilho ng'ambo akatupa ufito wake chini.

"Ufito juu! Juu, mama wee!"

"Uko juu!"

"Usimvute kama ng'ombe!"

"Ndiye anayenivuta mimi!"

"Mwache akimbie! Mwache! Tembea naye! Reino, umekaa kwenye gogo kama bibi harusi, msaidie mkeo!"

Reino akasema, "Nikimgusa ufito wake ataniuma," na ni kweli. Nikatembea naye chini ya mto hatua mia labda, mtoto nyuma yangu analia kwa furaha, mpaka akachoka akalala ubavu kwenye changarawe. Ile sufu ilikuwa imemshika menoni, kama ulivyosema. Nikakaa majini nikamkumbatia. Ndiyo, nilikaa majini, usimwambie Reino nimeandika, aliona mwenyewe.

Nusu tumekula na viazi, nusu Vilho ananikaushia kwa moshi. Amekuja kuchukua samaki amevua kofia, akasema, "Nyumba ya Tauno ina ufito." Basi.

Humu ndani kuna kijiti. Kina vipande saba tena. Sita ni vyangu na kimoja ni cha Mama, kile cha mwisho. Nilivichanganya na sikuweka alama. Nataka uniambie ni kipi.

Ulininyamazia wiki tano, Baba. Sasa umenifundisha maana ya chubwi kunyamaza, kwa hiyo navuta.

Aune wako


Ely, 24 Februari 1959

Aune mwanangu,

Kijiti kimefika salama. Hilja hajambo, anadai hajui lolote, ana uso wa mwizi wa jamu.

Nilivipeleka dirishani nikavitazama kwa miwani yangu, kisha kwa miwani ya Hilja, kisha kwa kile kioo chake cha kusomea Biblia. Siku tatu. Siku ya kwanza nilisema ni cha tatu. Siku ya pili cha tano, kwa sababu ya mizunguko kukazana. Hilja anasema ni cha kwanza, na anasema hivyo kwa sauti kubwa, kwa hiyo si cha kwanza. Nikaangalia ncha. Mama yako ncha zake zina alama ya jino. Zote saba zina alama ya jino.

Nilicheka, Aune. Hilja alipanda ngazi kwa magoti yake yote mawili kuja kuona nina nini.

Sijui ni kipi. Na kwa kuwa sijui, siwezi kukitunza kimoja nikatumia vingine. Itabidi vitumike vyote.

Hilja nimempa jibu lake. Amelia kidogo, kisha ameniokea mkate wa njiani, kisha akala nusu yake mwenyewe.

Reino yuko sahihi kuhusu majini. Hata mimi nilimkataza mama yako alipokuwa na mimba yako, naye pia alipoulizwa sababu alijibu "nitakwambia siku nyingine." Usikae tena kwenye maji baridi.

Ufito usiuegemeze karibu na jiko la sauna, gundi ya vishikio vya mshipi huyeyuka. Kichwachuma wa mwisho hupita Naselle katikati ya Machi.

Maji yana rangi gani?

Baba yako


Naselle, 4 Machi 1959

Baba yangu mpendwa,

Kaisu yuko mlangoni amevaa buti lako moja, miguu yake yote miwili ndani ya buti hilo hilo, anaruka kama sungura na hataki kulivua. Nimemwambia Babu ataliulizia, akasema, "Babu huyu hapa," akalipigapiga goti lililopasuka. Nimeliziba jana kwa kipande cha mpira.

Barua yako imefika Jumatatu. Nimeisoma mara nyingi hata Reino ameijua kwa moyo, anaisema akinyoa ndevu: "Ana uso wa mwizi wa jamu." Ndiyo, Baba, ni kweli ulivyobahatisha. Nina mimba, ni mwezi wake wa nne. Vilho anasema akiwa wa kiume aitwe Vilho, nikamwambia samaki mwenyewe nitampa jina hilo kwanza.

Umeniuliza maji yana rangi gani. Leo asubuhi nimekwenda kuangalia kwa ajili yako tu. Jana yalikuwa kahawia. Leo nikisimama kwenye changarawe nikaingiza buti, naiona ncha ya buti kwa shida, na zaidi ya hapo ni kijani, kile kijani cha chupa. Vilho anasema kesho na keshokutwa ndizo siku zenyewe. Mayai ya samaki nimeyatia chumvi, yako kwenye chupa ya kioo. Chumba chako nimekifagia leo ingawa si Ijumaa. Hukuandika kama unakuja, umeandika tu kuhusu gundi ya vishikio, na mimi sitakuuliza, maana ulisema nisifikiri, nisikilize tu. Ila ukiwa umeamua kungoja theluji iyeyuke huko, nakuomba uniandikie siku, kwa sababu kwenye kalenda nime

Subiri Baba, Kaisu amepiga ukelele akaanguka na buti lake, hajaumia, ananyoosha kidole nje. Kuna mtu uani kwenye sauna, anafoka nani kauegemeza ufito kwenye jiko, hivi watu wa nyumba hii hawasomi barua, na sasa anaita "Aune!" na sauti hiyo ni ya